Viatu vya Chuma kwenye Tope la Chumvi

Siku yangu ya kwanza kwenye shamba la chumvi nilionyeshwa mahali pa kuweka miguu. Palikuwa ubao mwembamba nyuma ya gari la kuburuta, na juu yake nyayo mbili zilikuwa zimechimbika kwa kusimamiwa miaka mingi. Msimamizi wa shamba, mtu mfupi aliyevaa kofia ya kijani, alinyoosha fimbo yake.

"Wa kulia hapo, wa kushoto hapo. Aliyekuwapo alikuwa mrefu kuliko wewe, lakini utazoea."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwake, Kaole. Anapumzika."

Dereva wa trekta alikuwa amekaa juu ya magunia akila muhogo wa kuchoma. Akasema bila kututazama, "Mguu wake mmoja umetangulia kupumzika."

Wapakiaji wakacheka. Mimi nilizitazama zile nyayo, nikaona wa kushoto umechimbika zaidi. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa darasa la nne. Nilikuwa nimekwisha kuwa utingo wa lori, mfua nazi na mchimba mchanga, na katika kila kazi nilikaa mpaka nilipoelewa inavyofanyika, kisha nikaondoka. Gari lisilo na magurudumu sikuwa nimeliona popote. Udadisi ukaushinda woga, nikapanda. Kuanzia siku ya pili woga ndio uliokuwa ukishinda.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo, nyuma ya mikoko. Vijana wanaonunua chumvi ya pakiti huenda hawajui ilivyopatikana, basi nieleze kidogo. Maji ya bahari yaliingizwa kwa mfereji mkuu siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, kisha yakagawanywa katika majaruba, yaani mashimo mapana yasiyo na kina, na jua likayakausha. Chumvi ikakwanguliwa, ikatiwa kwenye magunia. Taabu ilikuwa kuyafikisha magunia ghalani. Tope la pale ni la kijivu, zito, na juu yake kuna utando unaoteleza kama mafuta. Tela la magurudumu lilizama mpaka kwenye ekseli. Ndiyo maana tulitumia gari tuliloliita buruta.

Buruta lilikuwa jukwaa la mbao lililolala juu ya viatu vinne. Kiatu ni ubao mzito wa mvule uliokunjwa pua juu ili usichimbe ardhi, na chini yake umevalishwa bamba la chuma. Viatu viwili vya mbele vilikuwa vifupi na viligeuka pamoja na mti wa kuvutia uliofungwa kwenye trekta. Viwili vya nyuma vilikuwa virefu na havikugeuka. Katikati ya kila kiatu, upande wa chini, kulikuwa na ufito wa chuma uliosimama kwa ubavu kama mkuku wa jahazi, na sisi tuliuita hivyo hivyo, mkuku. Kiatu kilibeba mzigo, lakini mkuku ndio ulioshika tope. Bila huo, buruta lilikwenda lilikotaka.

Kazi yangu niliyotajiwa kwa heshima ilikuwa "mtu wa nyuma". Nilikuwa na mti wa breki wa kuchoma tope tunaposhuka mteremko, ili mzigo usimpande dereva mgongoni. Nilikuwa pia na kamba. Kamba ile ilipita ubavuni mwa jukwaa mpaka kwenye kulabu iliyounganisha buruta na trekta. Mzigo ukianza kuteleza kuelekea mfereji, mtu wa nyuma alitakiwa kuvuta kamba. Kulabu inafunguka, mzigo unakwenda na maji, trekta na dereva wanabaki juu ya tuta. Msimamizi alinieleza jambo hilo mara moja tu.

"Ukiona hatari, vuta. Halafu ndiyo uruke. Usianze na kuruka."

"Nitaijuaje hatari?"

"Utaijua."

Sikuridhika na jibu hilo. Ijumaa baada ya swala nilitembea mpaka Kaole kumtafuta yule aliyenitangulia. Aliitwa Mzee Kibwana. Nilimkuta barazani akisuka ukili, mguu wa kushoto umeishia chini kidogo ya goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa nyuma?"

"Ndiye mimi. Umejuaje?"

"Unatazama mguu wangu kama mtu anayepima suruali." Akacheka, akanisogezea mkeka. "Kaa. Uliza ulichokuja kuuliza."

Nikamuuliza ilikuwaje. Alisema siku ile hakuona kitu cha ajabu, wala hakusikia kitu, na hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe. Mkuku unaposhika tope, alisema, chuma kinanguruma chini ya miguu yako, unakisikia hadi kwenye meno. Ukiacha kushika, ngurumo inakatika. Buruta linakwenda vizuri kuliko wakati wowote, laini, kimya, unafurahi.

"Chuma kikinyamaza, vuta kamba," akasema. "Usifikiri. Mimi nilifikiri."

Nilirudi mjini nikiwa na hofu mpya. Tangu siku ile nilisikiliza kwa miguu. Kila ngurumo ilipopungua kidogo jasho lilinitoka, na mkono ukaenda kwenye kamba. Dereva aliliona hilo kwenye kioo chake kidogo.

Yeye aliitwa Maulidi, Mzaramo wa Zinga, mkubwa kwangu kwa miaka mitano hivi. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani na misafara ya mizigo na kuoa Bagamoyo, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, Maulidi alipojua hivyo alifurahi kama aliyeokota kitu.

"Mtani! Babu yako katoka Tabora na pembe kichwani, kwa miguu, simba kulia simba kushoto. Wewe unapandishwa gari bure na unatetemeka?"

"Babu yangu alitembea kwa sababu hakutaka kuendeshwa na Mzaramo."

"Hapo kweli," akasema, na siku hiyo akanipa nusu ya muhogo wake.

Tulifanya kazi pamoja miaka miwili bila ajali. Mahali tulipopaogopa sote palikuwa Kona ya Lango. Tuta lilipinda ghafla kushoto, na upande wa kulia ulikuwa mfereji mkuu, una kina cha mtu na nusu. Hatua kama mia mbili kutoka pale ndipo lilipokuwa lango la maji, mbao nene zilizoteremshwa moja juu ya nyingine kwenye mifuo ya nguzo mbili ili kuzuia bahari. Wapakiaji walikuwa na desturi ya kushuka kabla ya kona ile na kutembea. Sisi wawili hatukuwa na ruhusa ya kushuka.

Sasa nije kwenye vyuma, maana ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu.

Karakana ilikuwa chini ya Fundi Mkuu, mtu wa Pangani, mzee mwenye sauti ndogo ambaye zamani alikuwa akitengeneza mashua. Yeye alitufundisha kwamba kuchagua mkuku ni kuchagua ugomvi. Mkuku mfupi, au uliolika, unafanya viatu vigeuke lakini buruta lisigeuke. Trekta imekwisha kukata kona, mzigo bado unakwenda mbele. Mkuku mrefu na mkali mno unang'ang'ania kila mfuo ulioachwa na safari ya jana, unalipeleka buruta huko hata kama dereva anataka kwingine. Kipimo chake kilikuwa kidole. Kiangazi, nusu kidole cha mkuku kilitosha. Masika, kidole kimoja kamili. Tena alihakikisha pua za viatu vya mbele zinatazama nje kidogo sana, upana wa kamba nyembamba. Zikitazamana, alisema, gari linatangatanga.

Lakini pale kazini kulikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyejua yalianza lini. Dereva ndiye aliyechagua vyuma vya mbele, na mtu wa nyuma ndiye aliyechagua vya nyuma. Kila mmoja alikwenda karakana kwa wakati wake, akaeleza shida yake, akahudumiwa. Ilionekana ni heshima, kwamba kila mtu anamiliki chuma anachokisimamia. Fundi Mkuu mwenyewe alikuta hivyo akaacha hivyo.

Mwaka wa tatu masika ilianza mapema. Maulidi alilalamika kwamba pale konani buruta linachelewa kugeuka. Wakati huo Fundi Mkuu alikuwa amepata vipande vya kabaidi, yale madini magumu kuliko chuma cha pua, vilivyong'olewa kwenye vyuma vikuukuu vya kutobolea miamba. Akavipachika kwa kuvilehemu na shaba kwenye ukingo wa mikuku ya mbele. Chuma cha kawaida kilikuwa butu baada ya wiki mbili kwenye tope lile lenye mchanga na chumvi. Kabaidi haikuwa ikilika. Maulidi alirudi kutoka safari ya kwanza akicheka peke yake.

"Mtani, sasa linageuka kabla sijafikiri!"

Vipande vilitosha viatu vya mbele tu. Hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa shida ilikuwa ya mbele.

Mimi nami nilikuwa na shida yangu. Mikuku ya nyuma ilikuwa mipya, na kila lilipogeuka kwa ukali ule mpya mkia ulikataa kufuata, kisha ukafuata kwa kuruka. Ubao ulinipiga magotini mpaka yakavimba. Nikaenda karakana mchana, nikaomba tupa.

"Unataka kufanya nini?" Fundi Mkuu akauliza.

"Kuipunguza makali. Inanipiga."

Alikuwa anapuliza moto. Akasema, "Nyuma ni kwako."

Nikaisugua mikuku ile mpaka ikawa ya mviringo kama mgongo wa kijiko. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii, na niliporudi kwenye ubao nilifurahi. Mkia ulifuata kwa upole kabisa. Siku tatu nilipanda bila maumivu. Natamani kusema kwamba nilihisi kitu. Sikuhisi. Mimi niliyeogopa kila kitu, sikukiogopa kile nilichokifanya kwa mikono yangu.

Siku ya nne ilikuwa ya bamvua. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ikaacha. Mlinzi wa lango alitoa mbao zote asubuhi, maji yaanze kuingia, akaenda zake kula kama ilivyokuwa kawaida, maana bahari hujaa polepole. Sisi tulikuja na mzigo wa magunia arobaini. Wapakiaji wakashuka kabla ya kona. Mmoja wao alinipungia mkono.

Maulidi alikata kushoto. Viatu vya mbele vikauma tope kama meno na kugeuka mara moja. Nyuma, ngurumo ilikatika. Nilisimama juu ya kimya kile, nikaona mkia wa buruta unaondoka kulia, polepole, taratibu kabisa, na mimi juu yake, kuelekea maji. Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka ilivyokuwa, ya katani, imelowa, ina fundo moja. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimeliwaza kila siku kwa miaka miwili.

Niliiachia kamba nikaruka.

Niliangukia tutani, kwenye matope, mzima kabisa. Buruta likaingia mfereji mkia kwanza, likavuta viatu vya mbele, viatu vikavuta trekta kwa nyuma. Trekta iliinuka pua, ikageuka ubavu, ikalala majini. Maulidi alikuwa chini ya usukani, maji yamemfika kifuani, mkono mmoja umeshika ukingo wa tuta.

"Mguu!" alipiga kelele. "Mguu wangu, mtani! Umeshikwa!"

Niliteremka nikamvuta kwapani. Hakusogea. Nikapiga mbizi nikapapasa, nikakuta chuma na tope tu. Nilipoinuka nikaona maji yamefika shingoni mwake, na hapo ndipo nilipokumbuka lango. Bahari ilikuwa inaingia.

"Usiniache," akasema.

"Naenda kufunga lango."

"Usiniache!"

Nikamwacha. Nilikimbia hatua zile mia mbili nikilia kwa sauti, na sijawahi kuona aibu ya kilio kile. Mbao za lango zilikuwa zimepangwa kando. Ubao mmoja ulikuwa wa kubebwa na watu wawili. Niliuteremsha wa kwanza kwenye mifuo, wa pili, wa tatu, maji yakiusukuma kila mmoja kana kwamba yuko mtu upande wa pili. Wa nne ulikwama upande mmoja. Nilipanda juu yake nikarukaruka kwa miguu miwili, nikiwa nimeishika nguzo, mpaka ukashuka. Kutoka kule nilimsikia Maulidi akitamka shahada, kisha nikaacha kumsikia. Nikateremsha wa tano, wa mwisho.

Niliporudi, wapakiaji waliokuwa wamekimbilia karakana kutafuta msaada walikuwa wamefika. Fundi Mkuu alikuwa majini na nguo zake zote, amemwinua Maulidi kidevu kwa viganja viwili. Maji yalikuwa kwenye midomo yake, hayakupanda zaidi. Wapakiaji walitia mitaimbo na magogo ya mikoko chini ya trekta, wakainua kwa kuhesabu, wakamtoa. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili lakini ulikuwa wake.

Wiki iliyofuata Msimamizi alitukusanya mbele ya ghala. Akasema mtu wa nyuma alirushwa na buruta, Mungu akamnusuru, na akakimbilia lango kwa akili. Akasema Maulidi ni dereva wa kweli, hakuiacha trekta mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Jioni hiyo Fundi Mkuu aliniita karakana. Alikuwa ameigeuza mikuku yote minne juu ya meza, ya mbele yenye kabaidi, ya nyuma yenye mgongo wa kijiko. Alipitisha kidole juu ya kila mmoja.

"Yeye alitaka mbele ishike," akasema. "Wewe ulitaka nyuma iachie. Nikawapa wote wawili. Mimi ndiye niliyeona vyote viwili, na sikuvitazama pamoja."

Tangu hapo mazoea yale yalikufa. Chuma hakikubadilishwa mpaka dereva na mtu wa nyuma wawe wamesimama mbele ya meza ile kwa pamoja. Kabaidi ikiwekwa mbele, nyuma nayo inawekwa, fupi kidogo kuliko ya mbele. Na kabla ya mzigo wa kwanza, safari moja tupu, watu wakibadilishana nafasi, dereva nyuma na mtu wa nyuma kwenye usukani. Maulidi aliporudi baada ya miezi mitano alisimama kwenye ubao wangu safari nzima. Aliposhuka hakunitania. Alisema tu, "Kumbe ndivyo kulivyo huku."

Mimi niliondoka mwaka uliofuata. Nilifanya kazi kwenye reli ndogo ya shamba la mkonge, chini ya Meneja aliyependa kupiga filimbi. Nikavusha magari kwenye kivuko cha mto. Mwisho nikaingia barabarani kuendesha greda, na huko nikakuta tena mambo yale yale, blade, yaani ubapa wa kukwangulia, yenye ncha ngumu, ukali na pembe yake, kipi kishike na kipi kiachie. Injinia wa Wilaya alinilalamikia kwamba nachelewa kuanza kazi kila asubuhi kwa kukagua. Sikumweleza sababu. Watu huniuliza kama woga ulipungua kwa uzoefu. Haukupungua. Nilijifunza tu kuuuliza unaogopa nini hasa, na mara nyingi ulikuwa na jibu. Ile mara moja uliyokaa kimya, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeshika tupa.

Nilipostaafu nilipanda basi mpaka Zinga. Maulidi alikuwa na nyumba ya bati kando ya barabara kuu, anachechemea, ana wajukuu wengi. Tulikunywa chai ya tangawizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno marefu, lakini yalipotoka yalikuwa machache.

"Mtani, siku ile sikurushwa. Niliruka. Kamba nilikuwa nimeishika."

Aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa umeishika?"

"Nilikuwa nimeishika."

"Ukaiachia."

"Nikaiachia."

Nilitazama mikono yake, nikatafuta njia ya kuaga. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili watu wa uani wasisikie:

"Msimamizi alisema sikuiacha trekta. Umewahi kusifiwa mbele ya watu kwa jambo ambalo hukulifanya? Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa mguu mmoja nje. Nilikuwa naruka. Kandambili ya mguu wa pili ikanasa chini ya klachi." Akanionyesha kwa kiganja jinsi ilivyonasa. "Kandambili, mtani. Isingekuwa hiyo, ningekuwa mbele yako kukimbia. Wajukuu wote hawa wanajua babu yao hakuiacha trekta."

Nikamwambia nilikuwa nafikiria kuyaandika, lakini kama hataki nitaacha.

"Andika," akasema. "Andika na kandambili."

Kisha akageukia mlangoni, akamwita mkewe aje akae nasi asikilize, kwa kuwa hata yeye alikuwa hajui.